Ramani ya simu haijui umepanda gari gani

Ikikaribia Juni, shule zikianza kufungwa hapa Minnesota, makundi yetu ya WhatsApp hujaa mipango ya safari. Zamani ilikuwa harusi ya Columbus au msiba wa Dallas. Siku hizi watu wanataka kukodi motohomu, lile gari lenye vitanda, jiko na choo ndani, wapakie watoto na wazazi waliokuja kututembelea kutoka Tanga, Mombasa au Eldoret, waende hifadhi ya Yellowstone, kule Wyoming, kuona nyati wa huko na chemchemi za maji moto. Nafurahi sana. Wengi wetu tumeishi nchi hii miaka na miaka bila kuona zaidi ya barabara ya kwenda kazini. Kinachonitia wasiwasi ni hesabu ya muda. Mtu anaandika anakotoka na anakokwenda, simu inamjibu kama saa 15, na papo hapo anatangaza kwenye kundi: "Jamani, Ijumaa jioni tukitoka kazini tunaondoka, tunapokezana usukani, Jumamosi mchana tuko Yellowstone inshallah."

Nasema bila kuzunguka: mpango huo haufai, na wa kuubadilisha ni sasa, kabla hujalipa hata senti ya kukodi gari.

Saa 15 za simu si uongo. Ni za gari dogo lisilosimama, linalokwenda sambamba na magari mengine, na magari ya huko yanakimbia: South Dakota imeruhusu maili 80 kwa saa kwenye barabara kuu ya I-90 tangu 2015, karibu kilomita 129. Motohomu ya kukodi, ile yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, mara nyingi hujengwa juu ya chesisi ya Ford E-450, na ikishabeba maji, watu na mabegi inaweza kufika tani 6. Dereva makini anaiweka kwenye maili 60, ikizidi sana 65. Hata hewa haikubali haraka. Ukitoka maili 60 kwenda 75 umeongeza mwendo kwa robo tu, lakini hewa unayoipasua inakukaza kwa zaidi ya mara moja na nusu, kwa sababu nguvu yake hukua kwa mraba wa mwendo. Gari ambalo hata likiendeshwa kwa upole linakula galoni kila maili 8 hadi 10 litakuadhibu mfukoni. Na kuna upepo wa ubavuni. Magharibi ya South Dakota na Wyoming sehemu kubwa ni nyika zisizo na miti, na siku upepo ukivuma gari hilo refu linalala upande kama jahazi lenye tanga zima. Siku kama hiyo unashuka hadi maili 50 na unashika usukani kwa mikono miwili kutwa.

Halafu hesabu kusimama. Tangi la galoni 55 halijai kwa dakika tatu. Unatafuta pampu ya pembeni ambayo utaingia na kutoka bila kurudi nyuma, mtu mmoja anashuka kuangalia paa lisigonge kibanda, unaanza kujaza, na kabla tangi halijajaa pampu inakata kwa sababu kadi imefikia kiwango chake. Unaingiza kadi tena, unaanza upya. Wakati huo watoto wameshashuka, bibi naye ameshuka, na bibi mwenye magoti yanayouma hapandishwi haraka zile ngazi nyembamba za mlangoni. Nusu saa imekwenda. Sisi wa swala tunaongeza yetu: kwenye kituo cha mapumziko mikeka inatandikwa juu ya majani, tunaelekea kaskazini-mashariki, tunajumuisha adhuhuri na alasiri, ndipo tunaondoka. Sioni kwa nini muda huo uitwe wa kupotea. Ni sehemu ya siku, uandikwe kwenye ratiba kama zinavyoandikwa maili.

Asubuhi nayo ina kazi zake, na kubwa ni ile ambayo wageni wa motohomu huisahau kabisa: kumwaga maji machafu. Unavaa glavu. Unafunga bomba nene la mpira kwenye tundu la gari, mwisho wa pili unaushindilia kwenye shimo la kambi. Unafungua kwanza tangi la choo, unasimama hapo ukisikiliza mpaka likauke, unalifunga, kisha unafungua tangi la maji ya sinki na bafu ili yapite yakisafisha mpira. Unausuuza, unaurudisha mahali pake, unanawa vizuri. Kama kuna magari mawili mbele yako kwenye foleni, zidisha. Bado kuchomoa umeme, kufunga gesi, kukunja turubai la kivuli, kubana milango ya makabati ili sufuria zisimwagike kwenye kona ya kwanza, na mtu mmoja kulizunguka gari zima kwa macho. Familia yenye watoto na wazee, toka kuamka mpaka gari kuondoka, ihesabu saa 2.

Kwa hiyo hesabu ninayoitetea ni hii: chukua maili za siku, gawa kwa 45. Humo mna mafuta, chakula, choo na swala. Maili 300 zinakupa saa 6 na dakika 40. Ukiondoka saa mbili asubuhi, saa tisa kasoro dakika ishirini umefika. Wamarekani wenye motohomu zao wana kanuni ya tatu tatu: usizidi maili 300 kwa siku, fika kabla ya saa tisa alasiri, kaa siku 3 kabla ya kuondoka tena. Hiyo ya siku 3 itategemea likizo yako. Hizo mbili za mwanzo mimi sizigusi, na kama ni lazima kuchagua moja tu, nachagua saa ya kufika. Kambi nyingi huanza kupokea wageni saa nane au saa tisa. Ofisini bado kuna mtu wa kukuonyesha nafasi yako. Mwanga upo wa kulirudisha gari kinyumenyume kati ya miti huku mwenzako amesimama nyuma akikuelekeza, wa kupanga vibao chini ya magurudumu mpaka pima maji itulie katikati. Hilo la usawa si urembo: friji nyingi za motohomu hutumia gesi, na gari likilala upande hazipoozi vizuri. Ukimaliza, jua bado lipo, chai ya tangawizi inachemka, watoto wanakimbia nje, na mama aliyevuka bahari kuja kukuona ameketi kwenye kiti chake akitazama nchi. Hicho ndicho alichokuja kukiona. Akifika saa nne usiku ataona giza na kitanda, kesho yake aamshwe mapema kupakiwa tena.

Tuichukue njia yenyewe. Minneapolis hadi lango la mashariki la Yellowstone, kupitia Rapid City na Cody, ni maili 1,000 na kitu. Gawa kwa 45: saa 22 na zaidi. Hizo ni siku 4 za barabarani na asubuhi ya siku ya tano. Siku ya kwanza lala Mitchell. I-90 inakata South Dakota kwa maili 412, na uzuri wake ni kwamba namba za njia za kutokea ni maili kutoka mpaka wa Wyoming: Mitchell ni 332, Chamberlain 263, Murdo 192, Wall 110. Mtoto anayejua kutoa anaweza kuwa mtunza ratiba wa gari zima. Mitchell hadi Wall ni maili 222, kama saa 5, na katikati yake kuna Chamberlain, ambapo barabara inashuka kuvuka mto Missouri. Simama kwenye kituo cha mapumziko kilicho juu ya mto. Pana sanamu ya futi 50 iliyowekwa 2016, inaitwa Dignity, mwanamke wa wenyeji wa asili amejitanda blanketi la nyota mgongoni. Nusu saa pale ni halali kabisa. Mbele kidogo ya Murdo saa inarudi nyuma kwa saa moja kwa sababu unaingia kwenye majira ya milimani, kwa hiyo siku hiyo unapewa saa ya zawadi. Itumie Badlands, hifadhi ya miamba iliyochongoka jirani na Wall, usiitumie kuongeza maili.

Siku ya tatu ya mwendo, Wall hadi Buffalo, Wyoming, ni maili 260 hivi. Usishawishike kukatiza na motohomu kwenye barabara ya Needles huko kwenye milima ya Black Hills, kwa sababu ina mahandaki yaliyochongwa mwambani ambayo gari lako halipiti. Kutoka Buffalo unapanda milima ya Bighorn. Barabara ya US 16 inafika futi 9,666 kwenye Powder River Pass, karibu mita 2,946, kisha inateremka korongo la Ten Sleep. Huku gawa kwa 35, siyo 45. Kupanda unakwenda polepole upende usipende. Kushuka ndiko kunakotaka akili: weka gia ndogo tangu juu, acha injini ilizuie gari, maana breki zikishapata moto hazikusikii. Simu inaweza kukupa US 14A kama njia nyingine ya kuvuka milima hiyo. Ile ina miteremko ya asilimia 10, na mgeni wa motohomu sina sababu ya kumpeleka huko.

Ndani ya Yellowstone kwenyewe usihesabu kwa maili kabisa. Mwendo wa juu unaoruhusiwa ni maili 45 kwa saa, barabara kubwa ya mzunguko ina maili 142, na nyati wakiamua kusimama katikati ya lami hakuna anayepita. Chagua upande mmoja kwa siku.

Sasa nirudi kwenye hili la kupokezana usukani usiku, kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Miongoni mwetu wapo ndugu wengi wanaoendesha maroli. Waulizeni. Sheria ya Marekani inamruhusu dereva wa lori saa 11 za kuendesha, ndani ya saa 14 tangu aanze kazi, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo, na akishaendesha saa 8 lazima apate mapumziko ya nusu saa. Hao ni watu wenye leseni maalumu na mazoezi ya kila siku. Wewe umetoka kazini Ijumaa, umechoka tangu Jumatano, gari hili hujawahi kulishika, na unataka kuliendesha gizani penye paa wanaoruka barabarani. Tena hao mnaopokezana, yule asiyeendesha atalala wapi? Kitandani nyuma, gari likitembea, na watoto pembeni yake. Vile vitanda havina mikanda. Breki moja ya ghafla kwa maili 60, aliyelala anarushwa mbele pamoja na kila kitu kisichofungwa. Gari likiwa linatembea, kila mtu akae kwenye kiti chenye mkanda, na hakuna mtoto wala mzee anayeweza kukaa hivyo saa 15. Mwili wake peke yake unatosha kukwambia siku ina urefu gani.

Najua jibu ninaloletewa, nimeambiwa na shemeji yangu kwa heshima zote: "Shemeji, likizo yenyewe ni siku 7. Tukienda kwa mwendo wako hazitoshi hata kufika na kugeuza." Ni kweli kabisa, na jibu langu ni kwamba basi Yellowstone si ya likizo hiyo. Fupisha safari, usirefushe siku. Ukiwa na siku 7, nenda Badlands, kaa siku 3, rudi. Ukiwa na siku 4, Duluth iko maili 150 tu, saa 3 na dakika 20 kwa hesabu yangu, na kutoka hapo barabara namba 61 inafuata ziwa Superior maili 110 mpaka Grand Marais, maji upande mmoja na misitu upande wa pili, na mnara wa taa wa Split Rock uliojengwa 1910 juu ya jabali. Mama wa pwani akisimama pale akaona maji yasiyo na ng'ambo, atakuuliza kama ni chumvi. Hakuna aliyeniambia baada ya safari hiyo kwamba angependa angeendesha zaidi.

Na mkienda mbali, pangeni kurudi kwa uangalifu uleule, kwa sababu kurudi ndiko watu hujibana. Ile saa ya zawadi ya Murdo mnairudisha. Gari linatakiwa kwa mwenyewe kwa saa iliyoandikwa kwenye mkataba, matangi ya maji machafu yakiwa matupu, mafuta kama ulivyoyakuta, na ndani pamefagiliwa. Usiku wa mwisho usilale mbali. Ningelala Minneopa, karibu na Mankato, maili 80 kutoka Minneapolis: pana kambi, pana nyati pia, asubuhi mnamwaga maji bila haraka, na kabla ya adhuhuri mmekabidhi funguo.