Ati vagabond, tena kifuani

Juzi nimekaa zangu Mama Ngina, pale ufukweni Mombasa, na muhogo wa kuchoma, pilipili na ndimu kama kawaida, mara kapita kijana wa kizungu, begi mgongoni, tisheti imeandikwa VAGABOND kwa maandishi makubwa. Mwenzangu akaniuliza hiyo maana yake nini. Nikamwambia, mzururaji. Alicheka mpaka muhogo ukampalia. Mtu mzima na akili zake ajiite mzururaji, tena kwa pesa yake?

Lakini mie ile sehemu ilipoandikwa ndo ilonishtua. Kifuani. Manake neno lenyewe asili yake ni Kilatini, kuranda tu, halina ubaya wowote, ila Waingereza mwaka 1547 walitunga sheria kwamba mtu mwenye nguvu zake akikutwa hana kazi yuwarandaranda, achomwe herufi V kifuani kwa chuma cha moto kisha awe mtumwa wa huyo aliyemshtaki miaka 2. V ya vagabond. Sheria yenyewe haikudumu, ilikuwa kali hata kwao, lakini ya mwaka 1572 ikawatia hata waigizaji wa michezo kwenye kapu hilo hilo kama hawana bwana mkubwa wa kuwadhamini.

Halafu wakapanda meli wakatuletea. Msidhani natia chumvi. Malawi huko mwaka 2015 muuza mifuko ya plastiki alikamatwa alfajiri akienda kutafuta riziki, shtaka ni hilo hilo neno la kwenye tisheti, na mpaka 2017 ndo mahakama ikasema sheria hiyo haifai. Uganda nao 2022 wakafuta vipengele vyao, na ile Mahakama ya Afrika pale Arusha ilishasema 2020 kwamba sheria za uzururaji zapingana na haki za watu.

Kwa hiyo mie mtu akinitafsiria vagabond kuwa "msafiri" namkatalia. Msafiri ana kwao na ana anakokwenda, watu humuombea dua arudi salama. Ibn Battuta alipita hapa Mombasa 1331, akalala usiku mmoja akaendelea zake Kilwa, na alikuwa ameshatoka kwao Tangier miaka mingi, lakini nani kamuita mzururaji? Mtembezi nalo ni neno la heshima zake. Mzururaji ni neno la askari, na la mama aliyechoka na mwanawe. Mhuni pia zamani lilikuwa karibu na hapo, mtu asiye na makao, sasa limekuwa tusi kabisa.

Na kuna hili jipya, nomadi wa kidijitali, Kenya imewatangazia kibali chao 2024. Hao ni watu wa laptopu, leo Nyali kesho Lisbon, hawana makao maalumu, na tunawakaribisha na madafu. Sawa, wana hela zao. Lakini mpwa wangu akitoka kazini saa sita usiku kwa miguu kwa sababu nauli imeisha, tochi usoni, "we wazurura wapi?" Ana kazi, ana kwao, na ufunguo wa nyumba mfukoni.

Mwenzangu alipomaliza kukohoa akauliza ile tisheti yauzwa wapi, amnunulie shemeji yake.