Mgambo wa Wight wapewe haki yao

Ukisoma habari za Julai 1545, Wafaransa walipoivamia Uingereza, wengi hukimbilia meli moja tu: Mary Rose, iliyozama tarehe 19 Mfalme Henry VIII akitazama kutoka ufukweni, ikaondoka na mabaharia kwa mamia. Mabaki yake yaliinuliwa mwaka 1982, na leo yana makumbusho yake Portsmouth. Sina ugomvi na hilo. Kinachoniuma ni kwamba ng'ambo ya pili tu ya maji, kwenye kisiwa cha Wight kusini mwa Uingereza, siku zilezile wakulima na wavuvi walikuwa wakipigana na Wafaransa uso kwa uso, na hao hatuambiwi habari zao.

Admirali wa Wafaransa, Claude d'Annebault, alikuja na vyombo zaidi ya 200. Meli za Kiingereza zilipokataa kutoka nje kupigana, alishusha askari kisiwani, wakachoma nyumba ili kumchokoza mfalme. Pale Bonchurch, kijiji cha kisiwani, waliwakuta mgambo wanawangoja mlimani. Hawakuwa askari wa mshahara. Sheria ya wakati ule ilimtaka mwanamume awe na upinde na aufanyie mazoezi, basi walishika pinde zao na kwenda.

Wapo wanaosema mgambo walishindwa Bonchurch, wakarudi nyuma. Haya, na walirudi nyuma. Lakini vita vya kisiwa havipimwi kwa kilima kimoja. Wafaransa walijadili kukikalia kisiwa na kujenga ngome, wakaona ingewagharimu watu wengi mno na muda mrefu, wakaacha. Hata maji ya kunywa waliyapata kwa damu: Chevalier d'Aux, kapteni wao, alishuka kuwalinda wachota maji, akavamiwa na wenyeji. Mshale ukampata gotini, watu wake wakamkimbia, akauawa palepale.

Mimi naamini hiyo ndiyo ngome iliyowashinda: wenyeji wanaoijua kila njia na kila kichaka, na wasio na pa kukimbilia.

Nao hawakulala baada ya adui kuondoka. Chini ya Richard Worsley, kapteni wa kisiwa, parokia zilijinunulia mizinga yao wenyewe na kuiweka kanisani. Mzinga wa parokia ya Brading umechorwa tarakimu za mwaka 1549 pamoja na majina ya mafundi, ndugu wawili, John na Robert Owen. Makumbusho yoyote yanayosimulia Julai ile yangeuweka mzinga huo mlangoni kabisa, mgeni auone kabla hajafika kwenye mbao za Mary Rose.