Ukinunua kondoo bila mama yake umenunua nusu kondoo

Tangu ule ukame wa 2020 hadi 2023 uishe, ambao hapa Kenya peke yake ulimaliza mifugo zaidi ya milioni 2, miradi ya kuwarudishia watu mifugo imekuwa mingi na mimi sina ubishi na nia yao, mtu aliyebaki na boma tupu lazima apate pa kuanzia. Kinachonikera ni vile hao kondoo wananunuliwa. Lori linaenda sokoni, linazoa watoto wa kondoo walioachishwa kunyonya juzi juzi, wametoka kila pembe, wengine wamelelewa kule juu kwenye baridi kwa majani ya kukatiwa, halafu wanashushwa Kajiado ama Samburu kiangazi kimekolea, picha zinapigwa, gari linaondoka. Miezi michache baadaye wengi wamekufa na ripoti inasema ni magonjwa, ama inasema mfugaji hakuwatunza. Hiyo ya pili ndiyo inaniuma kabisa, kwa sababu nimeona majirani wakihangaika na hao kondoo usiku na mchana.

Mimi naamini wengi wao wanakufa kwa sababu hawajui kula. Yaani hawajui kula huku kwetu.

Siku moja kaa karibu na kondoo jike anayelisha wakati nyasi zimekauka, umwangalie mdomo tu. Mdomo wa juu umepasuka katikati na kila upande unacheza kivyake, mbele juu hana meno, ana ufizi mgumu, kwa hiyo anabana jani kati ya ufizi na meno ya chini halafu anatikisa kichwa kidogo linakatika. Anasukuma mabua makavu kwa pua, anaingia chini, anachomoa kale kajani kamoja ka kijani kalikobaki kwenye shina na bua analiacha. Anapiga hatua mbili, anadonoa ncha za kichaka, anapita kichaka kingine hata hakinusi, anafika chini ya mgunga anaokota maganda yaliyoanguka. Ng'ombe hawezi kuchagua hivyo, yeye anazungusha ulimi anavuta fungu zima. Sasa mwangalie mtoto: pua yake iko pale pale shavuni kwa mama, ananusa mama anachotafuna, na yeye anauma mmea ule ule. Hapo ndipo darasani.

Na hili watafiti wamelipima. Australia miaka ya 1980 walichukua wana-kondoo wakawaonjesha ngano wakiwa bado wako na mama zao, muda mfupi tu kwa siku chache, na karibu miaka 3 baadaye hao hao wakipewa ngano wanaila vizuri kuliko wenzao ambao hawakuionja utotoni. Fred Provenza na wenzake pale Utah State University, Marekani, wakaendelea na hiyo kazi miaka mingi, wakaonyesha kwamba kondoo anaunganisha ladha ya mmea na vile tumbo lilijisikia baadaye, akipata nguvu ladha ile anaitafuta tena, akiugua anaiepuka. Mwaka 2006 kundi hilo hilo likatoa matokeo ambayo mimi nikiyasoma nilisimama, kondoo waliofundishwa kwanza kwamba dawa fulani inatuliza madhara ya chakula fulani walikuja kuchagua wenyewe dawa inayofaa, aliyekula tanini, ile kemikali kali ya kwenye majani, akatafuta ya tanini, aliyezidishiwa nafaka akatafuta udongo wa kutuliza asidi! Wale ambao hawakufundishwa hawakujua wachukue ipi. Hiyo sentensi ya mwisho ningependa kila anayepanga bajeti ya kununua mifugo aisome mara mbili.

Hata Uingereza, ambako malisho ni kama zulia, kondoo akiachiwa achague kati ya klova, mmea wa jamii ya maharagwe, na nyasi, hatakula klova peke yake ingawa ndiyo tamu na inameng'enywa haraka, anakula klova kama asilimia 70 na nyasi inayobaki, asubuhi anaanza na klova, jioni anahamia nyasi. Kondoo anataka mchanganyiko. Sasa huku nyika ina mimea chungu nzima, mingine ya msimu mmoja tu, mingine inafaa ikiwa michanga na ikikomaa inadhuru, mtoto wa sokoni asiye na mwalimu atajuaje? Atang'ang'ania zile aina mbili tatu zinazofanana na alizozoea, zikiisha anashinda njaa katikati ya chakula, ama anajaza tumbo na mmea wa sumu ambao kondoo wa hapa hata hausogelei.

Halafu ardhi nayo inalipa. Kundi linalojua mimea mingi linasambaa, linaonja hapa linaonja pale, nyasi inapata kupumua. Kundi linalojua mimea michache linarudia pale pale, na nyasi nzuri kama Themeda triandra, ile inayogeuka nyekundu ikikomaa, haivumilii kutafunwa mfululizo, inapungua na nafasi yake inachukuliwa na magugu. Tunatumia pesa nyingi kupanda upya Cenchrus ciliaris na Eragrostis superba, kazi nzuri sana na naiunga mkono, lakini sijasikia mtu akiuliza mdomo utakaoletwa juu ya hizo nyasi umesomea wapi.

Kuna pia suala la mbegu ya kondoo. Dorper ni mnyama mzuri, ana nyama, anakua haraka, na hata damu yake nusu inatoka pembe yetu hii maana alitengenezwa Afrika Kusini kwa kuchanganya Dorset Horn na yule mwenye kichwa cheusi ambaye asili yake ni Somalia. Lakini kuanzia miaka ya 1970 alisambazwa hapa Kenya bila mpango mpaka Red Maasai halisi, kondoo wa asili wa Wamaasai, wakawa wa kutafutwa, na Red Maasai ndiye watafiti walimlinganisha na Dorper kule pwani miaka ya 1990 wakakuta anawahimili vizuri zaidi minyoo wanaonyonya damu tumboni na watoto wake wanakufa wachache. Vuta kope ya chini ya kondoo mwenye minyoo hao uone ilivyo nyeupe kama karatasi, ndio utajua kwa nini hili ni jambo kubwa kwa mtu ambaye duka la dawa liko mbali.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye miradi ni hili, nunueni majike waliozaa pamoja na watoto wao, hata kama idadi itapungua, na mnunue kwenye malisho yanayofanana na wanakoenda. Wakifika wachanganywe na wazee wachache wa hapo hapo, wachungwe nao kwenye ule uwanda ambao Wamaasai wanautenga karibu na boma kwa ajili ya wadogo na wagonjwa, olopololi, mpaka waizoee mimea ndipo waende mbali. Msilete kiangazi, leteni mvua ikishaotesha. Na kama taratibu za ununuzi za ofisi haziruhusu hayo yote basi mpeni mfugaji pesa mkononi aende sokoni mwenyewe, kwa sababu wazee wa kwetu kabla hata hawajamshika kondoo mgongo wanamuuliza muuzaji amelishwa wapi na mama yake yuko wapi, na jibu likiwa la kubabaisha wanapita.