Karoti, leza na hesabu ya mruko wa pili

Rangi ya karoti inatokana hasa na beta-karotini: kaboni 40, hidrojeni 56, na bondi maradufu 11 zinazopokezana na bondi za kawaida. Ikimeza mwanga wa buluu, elektroni zake zinapanda kutoka hali ya utulivu, S0, hadi hali ya pili ya msisimko, S2. Haikai huko. Kabla femtosekunde 200 hazijaisha (femtosekunde ni sehemu ya elfu ya pikosekunde, nayo pikosekunde ni sehemu ya trilioni ya sekunde) imeshateremka hadi S1, hali ya kwanza ya msisimko, na hapo hutulia kwa pikosekunde 9 hivi. Ukiiwahi kwa leza ya pili, humeza mwanga wa karibu nanomita 550 na kupanda tena. Namna ya kuuhesabu mruko huo wa pili ndiyo inayowagawa wanakemia wa kompyuta.

Wengi hukimbilia TDDFT, nadharia ya msongamano wa elektroni unaobadilika kwa wakati, iliyowekewa msingi na Runge na Gross mwaka 1984. Ni nafuu, na molekuli yenye atomi mia haiitishi. Lakini swali inalojibu ni moja: elektroni zilizotulia S0 zitatikisikaje zikiguswa na mwanga? Mruko wa S1 kwenda juu hauanzii S0 wala hauishii S0, kwa hiyo inabidi kwenda ngazi ya pili ya hesabu, na huko kuna shimo. Tofauti ya nishati kati ya hali mbili ikikaribia nishati ya kupanda hali ya tatu kutoka S0, namba ya chini ya sehemu inaelekea sifuri na nguvu ya mruko inafumuka bila sababu yoyote ya kimaumbile. Dawa iliyopo ni kuondoa kipande hicho na kuyachukua majibu ya ngazi ya kwanza kana kwamba ni maelezo halisi ya mawimbi ya elektroni katika kila hali. Wakosoaji wanasema mawimbi hayo hayapo. Ni kweli, ila kwa rangi nyingi za viwandani, ambazo S1 yake ni elektroni moja tu iliyopanda, mimi naikubali dawa hiyo.

Kwa karotini siikubali. Tangu 1972, vipimo vya Hudson na Kohler na hesabu za Schulten na Karplus vilionyesha kwamba katika minyororo ya aina hii hali ya chini kabisa ya msisimko, yaani S1, hubeba elektroni mbili zilizopanda pamoja. TDDFT ya kawaida huhesabu mipando ya elektroni mojamoja. Hali hiyo haimo kwenye orodha yake.

Upande wa pili nao una bei yake. EOM-CCSD, njia sahihi zaidi ila ghali, gharama yake hupanda kwa kipeo cha sita: molekuli ikiongezeka maradufu, kazi inakuwa mara 64, na bado hali za elektroni mbili huisumbua. CASPT2, njia inayochanganya mipangilio mingi ya elektroni kwa pamoja, inazimudu, ila karotini ingedai elektroni 22 katika obiti 22 (nafasi za elektroni), mzigo unaozidi CASSCF ya kawaida, hatua ambayo CASPT2 hujengwa juu yake. Ndipo watu wanapogeukia DMRG, njia inayobana mipangilio hiyo ili kompyuta iimudu.

Nafuu ni kuanza na minyororo mifupi, kama oktatetraini, yenye bondi maradufu nne tu, ambako njia ghali inawezekana. TDDFT ikikutolea nanomita 550 kwa karotini, mruko ilioupima haukuanzia S1 ile inayoonekana maabara.