Majina saba ya Kiswahili kwenye santuri moja

Mtu aliyekua na Kiswahili akiishika santuri hii kwa mara ya kwanza hudhani imetoka nyumbani. Juu ya jalada pameandikwa Mwandishi. Kwenye orodha ya wapigaji yumo Mchezaji kwenye besi, Jabali kwenye ngoma, Mganga kwenye tarumbeta, Mwile kwenye klarineti ya besi, Pepo Mtoto kwenye tromboni, na kijana aliyealikwa kuongeza ngoma, jina lake Ndugu. Mwandishi ndiye mwenye bendi: Herbie Hancock, mpiga piano wa Chicago. Ukiweka sindano husikii hata neno moja la Kiswahili, kwa sababu hakuna anayeimba. Ni dakika arobaini na kitu za besi, pembe, mwangwi na piano ya umeme.

Albamu ilitoka mwaka 1971, na hadi leo hukumu juu yake zimegawanyika. Wapo wanaoihesabu kati ya kazi kubwa za jazi-roki, jirani kabisa na zile ambazo mpiga tarumbeta Miles Davis alizitoa miaka hiyohiyo. Wapo wanaoiona kuwa muziki uliowapa kisogo wasikilizaji na kujivika majina ya Kiafrika ili uonekane na uzito. Nimeisikiliza kwa miaka mingi, na naona mabishano hayo yanapungukiwa na kitu ambacho sisi wenye lugha tunaweza kukileta: kuyasoma yale majina kama maneno yenye maana.

Hancock hakuwa mtoto wa mtaani aliyeokota piano. Alizaliwa mwaka 1940, na akiwa na miaka 11 alikwishapiga Mozart pamoja na okestra kubwa ya Chicago. Kuanzia 1963 hadi 1968 alikuwa kwenye bendi ya Miles Davis, na ni Miles aliyemsukuma aache piano ya mbao akae kwenye ya umeme. Alipojitegemea alisaini na kampuni ya Warner Bros., akaanza na Fat Albert Rotunda ya 1969, muziki mchangamfu uliotokana na kazi aliyoifanyia kipindi cha katuni cha televisheni. Kampuni ilifurahi na ikangoja mwingine wa namna hiyo.

Ilicholetewa kilirekodiwa tarehe 31 Desemba 1970, studio ya Wally Heider, San Francisco, mtayarishaji akiwa David Rubinson. Kipande cha kwanza kinaitwa Ostinato, na kimetungwa kwa ajili ya Angela Davis, mwanaharakati wa haki za Wamarekani weusi. Hapo inafaa kutazama kalenda. Angela Davis alikuwa amekamatwa mwezi Oktoba, akihusishwa na shambulio la silaha kwenye mahakama ya wilaya ya Marin, na tarehe 22 Desemba alikuwa amehamishwa kutoka New York na kuletwa California. Siku ile wapigaji walipokuwa wanapasha ala zao joto, yeye alikuwa mahabusu hukohuko Marin, ng'ambo ya daraja la Golden Gate. Aliachiwa huru na baraza la mahakama mwezi Juni 1972. Kwa hiyo jina lake halikuwa pambo. Lilikuwa jina la jirani aliyefungiwa.

Kipande chenyewe kimesimama juu ya mstari mmoja wa besi unaojirudia kwa mzunguko wa mapigo 15. Mguu uliozoea manne kwa manne unafika mwisho wa mzunguko ukakuta pigo moja limekosekana, na hapo ndipo muziki unapokuvuta mbele. Watu wawili wanapiga ngoma, yuko mpiga tumba aliyetoka bendi ya Santana, José Areas, na yuko mpiga gitaa wa roki, Ronnie Montrose. Kipande cha pili ni kitulivu. Cha tatu, kilichotungwa na mpiga tromboni Julian Priester, kinachukua upande mzima wa santuri, dakika 21 na ushei, na ndani yake muziki unavunjika mara kadhaa na kujikusanya upya.

Sasa hayo majina. Yalitoka kwa kijana aliyejiita Mtume, mtoto wa mpiga saksafoni Jimmy Heath, mfuasi wa Maulana Karenga. Karenga ndiye aliyeanzisha Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi, mwaka 1966 pamoja na nguzo zake saba, zote kwa Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Hancock na Mtume walirekodi pamoja mwaka 1969 kwenye albamu ya Albert Heath iliyopewa jina Kawaida, jina lilelile la falsafa ya Karenga, na kuanzia hapo majina yakaenea kwenye bendi nzima.

Lawama ya kwanza ni ya kihistoria na ina nguvu. Wengi wa mababu wa Wamarekani weusi walichukuliwa kutoka Afrika Magharibi na eneo la Kongo na Angola. Kiswahili hakikuwa lugha ya nyumba zao. Kwa nini basi Mwandishi, badala ya jina la Kiyoruba au Kikongo? Anayesema hivyo anaona kama watu wamevaa nguo ya jamaa wasiyemjua.

Naielewa hoja hiyo, lakini inasahau jinsi hata sisi tulivyokipata Kiswahili. Mtoto wa Kisukuma au wa Kihehe hakukirithi kwa bibi yake. Alikipata shuleni, sokoni, jeshini na redioni, na Tanzania ikakichagua kwa sababu hakikuwa mali ya kabila moja. Karenga na wenzake walikichagua kwa sababu hiyohiyo. Mtu aliyenyang'anywa hata jina la kijiji chake hana njia ya kurudi kwenye lugha ya mama. Anaweza tu kuchagua lugha ya undugu, na katika miaka ile, baada ya Azimio la Arusha la 1967, hakukuwa na lugha ya Kiafrika iliyosemea undugu kwa sauti kubwa kuliko hii.

Lawama nyingine ni ya ufasaha, na hapa sikwepi. Wao walilichukua neno mwandishi kwa maana ya mtu anayetunga muziki, nasi mtu huyo tunamwita mtunzi. Mwile walieleza kuwa ni mwili wenye afya njema, lakini kamusi zetu zina mwili, na afya haimo. Pepo Mtoto walikusudia kuwa mtoto wa kiroho, nalo limepangwa kwa namna ambayo Mswahili asingeipanga. Tena kwetu pepo si neno la kumpa mtu hivihivi. Ni yule anayempanda mtu mpaka apungwe.

Basi mtu anaweza kusema: walijipamba kwa lugha wasiyoijua. Nami nilisema hivyo zamani. Kilichonibadilisha ni kusikiliza nikiwa na maneno yale kichwani kwa maana yake ya hapa pwani. Mganga ni Eddie Henderson, mpiga tarumbeta ambaye kweli alikuwa daktari aliyesomea, na tarumbeta yake inaingia kwa upole wa mtu anayepapasa mahali panapouma. Pepo Mtoto ndiye aliyetunga kile kipande kirefu, na jina alilokipa linamtaja roho anayetangatanga. Mganga, ngoma, pepo, na muda usiohesabiwa kwa haraka: aliyewahi kusikia ngoma ya pepo usiku, ile inayorudia jambo moja saa nzima ikingoja aliyemo ndani aseme jina lake, atazielewa zile dakika 21 kuliko mchambuzi anayelalamika kwamba hakuna kiitikio. Sidai kwamba walikusudia hilo, kwani walikuwa San Francisco, mbali na Pemba. Ninachosema ni kwamba majina yaliyochaguliwa kwa kubahatisha yaliangukia muziki unaoyastahili.

Lawama iliyo nzito kuliko zote haihusu lugha. Albamu iliita watu ndugu, na ndugu hawakuja. Warner Bros. hawakujua waiuze kwa nani: kwa wapenzi wa jazi ilikuwa na nyaya nyingi mno, kwa watu wa roki haikuwa na nyimbo, na redio za weusi hazikuwa na nafasi ya kipande cha dakika 13. Albamu iliyofuata, Crossings ya 1972, ilikwenda mbali zaidi, sinthesaiza, ala ya kuunda sauti kwa umeme, ya Patrick Gleeson ikiongezwa, na kampuni ikaachana nao. Kulisha na kusafirisha watu na mitambo kukawa mzigo, na Hancock akawa anautoa mfukoni, kutoka kwenye mapato ya nyimbo zake za zamani. Mwaka 1973 bendi ikavunjika.

Hapa sikio la Afrika Mashariki lina hoja yake. Kwetu neno jazi lilikuwa na maana ya dansi. Miaka hiyohiyo Morogoro Jazz na Nuta Jazz zilikuwa zinajaza kumbi, zikiimba kwa Kiswahili mambo ya mapenzi, ya kazi na ya nchi, na mtu aliyemaliza zamu kiwandani alicheza mpaka alfajiri. Ukiuliza ni muziki upi uliokuwa wa watu, huo au wa Mwandishi, jibu halina mjadala. Muziki unaobeba jina la ukombozi huku mwenye kukombolewa hawezi kuucheza una kasoro, na mapenzi yangu kwa albamu hii hayaifuti.

Hancock mwenyewe aliiona. Alieleza baadaye kwamba alikuwa ametumia muda mrefu akielea juu angani na sasa alihitaji kukanyaga ardhi. Alibaki na Bennie Maupin peke yake, yule Mwile, akakusanya wapigaji wapya, na mwaka 1973 akatoa Head Hunters. Mstari wa besi wa Chameleon, aliopiga kwa sinthesaiza, kila mtu anaujua hata asiyejua jina lake. Albamu ilipanda hadi nafasi ya 13 kwenye chati ya jumla ya Billboard, ikauza zaidi ya nakala milioni moja, na watu wakacheza. Wanaoitetea wanasema kwamba huku ndiko kuwarudia ndugu kwa kweli, na kwamba majina ya Kiswahili yalikuwa kiunzi kilichobomolewa baada ya nyumba kusimama.

Ningekubaliana nao moja kwa moja, lau si ule mwanzo wa Watermelon Man kwenye albamu hiyo. Unasikika mluzi na sauti vikipokezana, juu, chini, juu, kitu cha kupendeza mno. Ni Bill Summers, mpiga ngoma wa bendi mpya, anapuliza chupa ya bia. Mtindo wenyewe ni hindewhu wa Babenzele, watu wa misitu ya Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambao hupuliza filimbi ya noti moja iliyokatwa kwenye bua la mpapai huku wakiimba katikati ya pumzi. Ulikuwa umetoka kwenye santuri ya mwaka 1966 ya watafiti Simha Arom na Geneviève Taurelle. Babenzele hawakulipwa. Mwaka 1994 Madonna alipotumia kipande hicho, aliyetambuliwa alikuwa Hancock. Mwanaanthropolojia Steven Feld, aliyeifuatilia hadithi hii na kuiandika mwaka 1996, alimuuliza Hancock kuhusu deni hilo, naye akajibu kwa maana kwamba hilo ni jambo la ndugu kwa ndugu.

Neno hilo ndilo linalonirudisha kwenye santuri ya kwanza. Kwetu undugu ni madai kabla haujawa ruhusa: ndugu anajulikana kwa jina, anahesabiwa kwenye shughuli, akikosekana anaulizwa. Albamu ya Mwandishi ilitimiza hayo kwa kiasi chake. Ilichukua maneno yetu na kosa likawa la ufasaha tu, huku kila mpigaji akiitwa kwa jina na mwenye bendi akimwachia mpiga tromboni upande mzima. Head Hunters ilichukua pumzi ya watu wengine na jina lao likaachwa msituni. Iliyouza ina ngoma nzuri zaidi, na sitamwambia yeyote asiicheze. Lakini mtu akitaka kujua ni ipi kati ya hizo mbili iliyoishi na Afrika kwa adabu, mimi naelekeza kwenye ile iliyoshindwa sokoni.

Na hata kusema kwamba haikumfikia mtu kuna mpaka. Yule kijana wa ngoma za ziada, Leon Chancler, alikuwa na miaka 18 siku ile ya kurekodi. Bendi ilipovunjika hakulivua jina. Alipiga kwa miaka mingi na watu wengi, na mwaka 1982 akaitwa studio Los Angeles kuweka ngoma kwenye wimbo wa Michael Jackson, Billie Jean. Zile ngoma mbili tatu za mwanzo, kabla besi haijaingia, ni zake. Kwenye orodha ya wapigaji wa Thriller, albamu yenye wimbo huo, jina lake limeandikwa Ndugu Chancler, na santuri hiyo imo kwenye nyumba za mamilioni ya watu, zikiwemo za Dar es Salaam na Mombasa.