Ukitaka kujenga kempa ya pikapu, muite fundi wa turubai kabla ya fundi wa kuchomelea

Naona siku hizi watu wengi, kuanzia Arusha huku mpaka Dar, wameanza kujitengenezea kachumba ka kulala nyuma ya pikapu, kempa wenyewe tunaita, na mimi nalifurahia sana hili jambo maana nchi yetu ni kubwa na nzuri halafu ukiwa na gari lako na godoro humo humo nyuma huhitaji kuwaza lodge ya laki ngapi. Ila karibu wote naona wanaanzia sehemu moja. Wanaenda kwa fundi wa kuchomelea, anawapigia fremu ya skwea paipu, wanafunga bati, wanafunga plaiwudi, wanaweka friji, betri, taa za LED, na mwishoni kabisa hela ikiwa imeshakata ndo wanakumbuka kuna turubai la kushona. Hapo ndo anatafutwa fundi yeyote wa bei rahisi, anapewa siku mbili, ashone kuta za nyumba.

Mimi nasema tumegeuza kazi. Kwenye kempa ya paa la kunyanyuka, yaani lile unaloliinua ukifika na kulishusha ukiwa njiani, turubai ndo ukuta, ndo dirisha, ndo chandarua, ndo kinachokutenganisha na mvua ya saa nane usiku. Chuma ni cha kulishikilia tu.

Najua kuna wanaosema kwa nini nihangaike na turubai, napiga boksi la bati juu mpaka chini kama kibanda nimemaliza. Sawa, ila kaa chini upige hesabu ya uzito kwanza. Hilux inabeba kama tani moja hivi kutegemea na modeli, na kwenye hiyo tani moja wamo pia watu mliokaa mbele na kila mlichopakia. Plaiwudi ya futi 8 kwa 4 yenye unene wa milimita 18, ambayo mafundi wetu wanaipenda kwa sababu wamezoea makabati, ni kama kilo 30 kwa shiti moja, ukifunga shiti tano ushamaliza kilo 150 na hujaweka hata sufuria. Ya milimita 9 ni nusu ya hapo na kwa kitanda chenye mbao za kukishikilia chini inatosha kabisa. Skwea paipu ya milimita 25 kwa 25 yenye unene wa milimita 1.5 ni kama kilo 6 na nusu kwa paipu ya mita 6. Maji hayana huruma, dumu la lita 20 ni kilo 20. Sasa wewe unaongeza bati mpaka juu ya kichwa cha mtu aliyesimama, uzito wote uko juu, halafu unashuka Kitonga na zile kona, au uko Singida upepo unakupiga ubavuni, gari linayumba utafikiri limelewa. Paa la kunyanyuka linalala chini wakati unatembea, upepo unapita juu, matawi ya migunga huko porini hayakukwangui, na ukifika unainua unasimama wima ndani. Hicho ndo kinachonifanya nilipende.

Na wala si wazo jipya. Wale wa zamani wanazikumbuka Land Rover zenye paa la Dormobile, lile linalofungukia upande mmoja na kitambaa chake cha mistari, lilikuwa linatengenezwa na Martin Walter wa Folkestone huko Uingereza. Marekani kuna kampuni ya Four Wheel Campers ambayo inatengeneza kempa za pikapu za paa la kunyanyuka tangu 1972, na mpaka leo kuta za juu ni kitambaa. Hapa kwetu Arusha mafundi wanakata Land Cruiser wanazirefusha na kuziwekea paa la kunyanyuka kwa ajili ya watalii, kwa hiyo bawaba na vinyanyuzi vya paa si kitu cha kuagiza nje, ujuzi upo hapa hapa. Kilichobaki ni kuliheshimu turubai.

Kwa nini fundi wa turubai aje kwanza? Kwa sababu kuna vitu kwenye fremu yeye tu ndo anaviona. Turubai likikunjwa linahitaji nafasi, paa likishuka lazima kuwe na upenyo wa kitambaa kulala ndani bila kubanwa, maana pale linapobanwa na kusuguana na chuma safari nzima kwenye barabara ya vumbi ndipo litakapotoboka. Halafu anahitaji ukingo bapa wa kutosha juu na chini wa kulibana turubai kwa ufito wa aluminiamu na skrubu, sasa fundi wa kuchomelea kama hajaambiwa anakuachia paipu ya duara au kona yenye ncha na matone ya kuchomelea yaliyokauka, zile ncha ni wembe mtupu kwa kitambaa. Na madirisha, zipu ya dirisha haitakiwi kuangukia pale turubai linapojikunja. Hayo yote yanaamuliwa kabla chuma hakijakatwa. Waweke hao mafundi wawili kwenye kivuli kimoja, chai ije, wachore chini na chaki. Nusu siku ya kuongea.

Ufito wenyewe nakusihi uwe wa skrubu, usigundishe turubai kwa gundi wala usilipige riveti moja kwa moja. Jua letu linakula kitambaa, hasa huku juu, iko siku utalivua ulishone upya na fremu itakuwa bado nzima. Skrubu ziwe za stenlesi, na pale aluminiamu inapokutana na chuma weka mpira au rangi nzito katikati, ukipeleka gari Tanga au Bagamoyo chumvi ya bahari inazifanya zilane.

Sasa kitambaa. Wengi wanakimbilia turubai la PVC, lile la kwenye Fuso, kwa sababu ni rahisi kupatikana na maji halipitishi hata tone. Ni kweli halipitishi, na hilo ndo tatizo lake, halipitishi wala kutoka ndani kwenda nje. Watu wawili wakilala humo, pumzi zao usiku kucha zinageuka matone kwenye ukuta, na ukilala ukingo wa Ngorongoro ambako ni zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari na baridi inauma, asubuhi unaamka godoro limelowa pembeni na unadhani mvua iliingia. Wiki mbili tatu za hivyo ukungu unaanza. PVC weka kwenye paa kama kifuniko, au chini kwenye sketi inayorukiwa na matope. Kuta ziwe kanvasi ya pamba iliyochanganywa na polista, uzito wa gramu 300 mpaka 400 kwa mita ya mraba, na kama unaweza kupata ile yenye vimraba vidogo vidogo kwenye mfumo wake chukua hiyo, ikichanika mchano hauendi mbali.

Kanvasi yenye pamba ina tabia moja nzuri sana ambayo watu hawaijui wanaipigia kelele bure. Ikilowa, nyuzi zinavimba zinaziba vitundu vya sindano. Lakini kitambaa kipya bado hakijafanya hivyo, kwa hiyo mvua ya kwanza matone yanapita kwenye mshono na mtu anapaniki, anapaka silikoni kila mahali. Usipake. Inua paa uwanjani kwako, lowesha kwa mpira wa maji, liache likauke kabisa, rudia mara mbili au tatu ndo usafiri. Na likichafuka ni maji matupu na brashi laini, sabuni ya unga inaondoa dawa ya kuzuia maji. Na usilifunge bichi. Ikibidi kufunga asubuhi ya mvua basi jioni hiyo hiyo unafungua likauke.

Kwenye kushona hapa ndo nataka twende taratibu.

Kwanza usikate kanvasi. Chukua mashuka chakavu au viroba, inua paa mpaka juu, bandika, banabana na vibanio, chora na chaki, hicho ndo kielelezo chako. Shusha paa na kielelezo kikiwa humo uone kinajikunjaje, na hapo utaona mwenyewe kwamba kitambaa kinapenda kutoka nje badala ya kuingia ndani, dawa yake ni kamba ya mpira inayozunguka katikati ya kuta kwa ndani ili paa likishuka ivute kitambaa kiingie. Ukikata kanvasi yenyewe acha nafasi, ikilowa inasinyaa kidogo, ukiikata ya kukaza kama ngoma siku ya mvua zipu zitavutwa mpaka ziachie.

Uzi. Jamani uzi. Uzi wa sare za shule hauwezi hii kazi hata fundi aape. Nailoni nayo ina nguvu leo ila jua linaichosha. Unataka polista nene, au uzi wa polista uliozungushiwa pamba kwa nje, huo ndo mzuri kuliko wote kwa kanvasi maana pamba yake nayo inavimba ikilowa. Sindano namba 18 mpaka 22 kutegemea na tabaka. Mshono uwe mrefu, milimita 4 hivi, fundi aliyezoea magauni anashona vitundu vya karibu karibu akidhani anaimarisha, kumbe anakitoboa kitambaa kikatike kwa mstari. Maungio yote yakunjwe pande mbili ziingiliane halafu zipigwe mistari miwili, na mkunjo uelekee chini ili maji yateremke juu yake yasipate pa kuingilia. Usitumie pini, kila pini ni tundu, tumia vibanio vya nguo au selotepu ya pande mbili. Ukifika kwenye kona ambako tabaka zinafika sita mpaka nane, ponda kwanza ule mkunjo na nyundo ulale, halafu zungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, pole pole, usikanyage. Na mkimaliza sugueni nta ya nyuki kwenye mishono, ile ya Tabora ipo na inanukia vizuri.

Zile Singer nyeusi za kukanyaga nazipenda na zinatoboa kanvasi vizuri, shida yake meno ya chini tu ndo yanavuta, tabaka la juu linabaki nyuma, mita mbili za ukuta zinaisha zimepishana. Ndo maana kwa kuta ndefu nenda kwa mafundi wa siti za magari au wa maturubai, wengi wana mashine ambayo mguu wake wa juu nao unatembea. Kona ngumu kabisa mpelekee fundi viatu.

Zipu chukua kubwa, namba 10, ya nailoni ya msokoto, inapinda kwenye kona za dirisha na haishiki kutu. Vumbi la kuelekea Ziwa Natron linaua zipu kuliko kitu chochote, kwa hiyo kila zipu iwe na ulimi wa kitambaa unaoifunika kwa nje. Chandarua kishonewe moja kwa moja, kisiwe cha kubandika, utakisahau nyumbani siku ya mbu.

Kuhusu rangi, hili nalisema kwa sauti kubwa maana naona watu wanachagua kwa kupendeza tu. Bluu ya kukolea na nyeusi zinavuta mbung'o. Ndo maana ile mitego ya mbung'o unayoiona imening'inia hifadhini ni vitambaa vya bluu na vyeusi. Sasa wewe unashona kempa ya bluu unaipeleka Tarangire au Katavi, utakaa umejifungia humo mchana kutwa. Kaki, rangi ya mchanga, kijani kilichofifia, basi.

Gesi na moto nagusa haraka ila ni uhai. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inazama chini, kwa hiyo kabati la mtungi liwe na matundu usawa wa sakafu yanayotokea nje. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata kama baridi ni ya namna gani, hewa yake haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini.

Turudi kwenye hela maana hapa ndo roho inaniuma. Mtu anatoa zaidi ya milioni kwa friji bila kupepesa, taa analipa, redio analipa, akifika kwa fundi wa turubai anaanza kulia bei, eti kushona tu. Kushona tu? Yule mtu anainama siku nzima juu ya kitambaa kizito, vidole vimechanika, anapima kitu kisicho na kona hata moja iliyonyooka, na kazi yake ndo ile utakayoitazama kila usiku ukilala. Ukimpunja anapunguza mahali usipopaona, anatumia uzi wa bei rahisi, anapiga mstari mmoja badala ya miwili. Mlipe vizuri na umpe muda. Kama una mtoto au mdogo wako anayetaka kujifunza mpeleke akae naye, maana pikapu zinaongezeka na mafundi wanaoiweza kazi hii bado ni wachache.

Na vile vipande vya kanvasi vinavyobaki usiviache karakana. Chukua kimoja kikubwa kama gazeti, sindano mbili za mkono zile nene, uzi ule ule uliotumika, na donge dogo la nta, viweke kwenye droo ya dashbodi. Miba ya mgunga ikichana ukuta huko Ruaha unashona kiraka mwenyewe kwa mkono, ndani na nje, unapaka nta, mnaendelea na safari.