Ubishi wa kijiweni umenichosha

Jamani kuna watu ubishi umewaingia kwenye damu na mimi nimechoka kabisa. Kijiweni kwetu tunakutana kila jioni, kahawa na kashata, ndo sehemu pekee ya kupumzisha akili baada ya kazi, sasa kuna jamaa mmoja kila mada lazima aibuke mshindi, hata kama haijui.

Juzi mzee wetu mmoja anasimulia Taifa Stars ilivyoenda AFCON 1980 kule Nigeria, mara yetu ya kwanza, yeye kijana enzi hizo kaganda kwenye redio, yani unamsikiliza mpaka raha. Jamaa akadakia, "Acha uongo mzee, ile ilikuwa Ghana!" Ghana ni 1978 na sisi hatukuwepo! Dogo akatoa simu, akamwonyesha kila kitu, kundi moja na Nigeria, Misri na Kodivaa, tukaambulia sare moja. Unadhani alikubali? Kageuza, eti yeye alikuwa anaongelea mechi za kufuzu, na sauti ndo ikazidi kupanda, mara "nyie mnajua nini kuhusu mpira", mate yanaruka mpaka kwenye sahani ya kashata.

Kinachoniuma sio mpira. Mtu mzima kaitwa muongo mbele ya watoto, na hata samahani hakupewa. Mzee akaweka kikombe chini, kahawa nusu, akachukua bakora yake akaondoka kimya kimya.

Jana hakuja. Leo pia hajaja.